Rudisheni Sailensa

Juzi kwenye steji kijana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Kochi, kwani unataka boda inyamaze kama baiskeli?" Walicheka wote, na mimi nikacheka. Lakini swali ni zuri, na niliahidi kulijibu kwa maandishi. Jibu langu ni hili: boda iwe na sauti ile kiwanda kiliipa, basi. Ikizidi hapo, hiyo si sauti ya kazi tena. Ni kelele ya kujionyesha, na hapa Kakuma nauli ya kelele hiyo inalipwa na watu ambao hawakupanda.

Tuelewane kwanza. Mimi si adui wa boda. Boda ndiyo ilimfikisha dada yangu hospitali saa nane ya usiku akiwa na uchungu. Vijana wengi ninaocheza nao mpira jioni wanalisha nyumba zao kwa boda, maana mgao hautoshi. Kwa hiyo anayesema boda zipigwe marufuku usiku, simuungi mkono. Ninachogombana nacho ni ekzosi tu.

Kwa wale hawajui, kazi inafanyika hivi. Boda mpya inakuja na sailensa. Ndani yake kuna vyumba na vibomba vya kuvunja mlio kabla haujatoka. Fundi anaikata, anatoa yale matumbo, anachomelea tena. Wengine wanaitoa yote na kufunga bomba wazi. Halafu kuna ule mchezo wa kuzima ufunguo boda ikiwa inatembea, kisha kuuwasha: petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye ekzosi ya moto, inalipuka. Paa! Steji nzima inacheka.

Mwezi uliopita, karibu saa saba ya usiku, boda ilipita nyuma ya bloku yetu ikalipuka mara tatu. Jirani yangu, mama aliyetoka Kivu kama mimi, alitoka nje bila viatu, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono, na kile kifuko cha plastiki cha karatasi za familia. Tulimkuta ameshafika barabarani. Aliniuliza, "Wamefika?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni piki." Hakulia. Alirudi akakaa mlangoni mpaka asubuhi.

Dereva namjua. Ni beki wangu wa kushoto, na yeye mwenyewe alikimbia vita akiwa mdogo. Nilipomweleza, alitazama chini, hakusema kitu. Hakuwa na ubaya. Ni vile hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Kambi hii ipo tangu 1992. Wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia. Ukilipua ekzosi hapa, huwezi kuchagua nani asikie mchezo na nani asikie risasi.

Sasa nijibu hoja za steji moja moja.

Ya kwanza: "Kelele inaokoa maisha, watu wanakusikia mapema." Angalia ekzosi imeelekea wapi. Nyuma! Mlio mkubwa unaenda kwa yule umeshampita. Mtoto anayevuka mbele yako anahitaji honi, taa na breki zinazoshika. Nimeona boda ina ekzosi ya kupasua anga na taa ya mbele imekufa siku nyingi. Huyo anaokoa nani?

Ya pili: "Bomba wazi linaongeza nguvu." Injini ya Boxer ni silinda moja, cc 100 au 150, na kabureta yake ilipangwa pamoja na ekzosi yake. Ukitoa matumbo bila kugusa kabureta, unaharibu mpango wa hewa na petroli. Umenunua mlio wa pikipiki kubwa ukabaki na pikipiki ileile ndogo. Pesa hiyo ya fundi ingerudisha taa.

Ya tatu: "Kambi ina kelele tayari. Kanisa, harusi, jenereta." Ni kweli, na hizo pia tuzizungumzie. Lakini ngoma ya harusi unajua inatoka wapi, na hakuna anayetoka mbio na watoto kwa sababu ya ngoma. Mlipuko wa ekzosi hauna taarifa.

Basi mwisho uwe wapi? Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, na kwa makazi kikomo cha usiku ni desibeli 35. Hata boda mpya ikipita mlangoni inazidi hapo kwa mbali kisha inaenda, na hilo tunavumilia, kwa sababu watu lazima wasafiri. Lakini desibeli hazihesabiki kama shilingi. Ukiongeza 10, nguvu ya mlio imekuwa mara 10. Ukiongeza 20, ni mara 100.

Na anayeumia kwanza ni dereva. Wataalamu wa usalama kazini wanashauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3, muda huo ukatwe nusu. Zikifika 100 umebaki na dakika 15. Abiria anashuka, wewe unabaki juu yake kutwa. Ukirudi jioni masikio yanalia nziii, hiyo si uchovu. Masikio yanaumia, na yakishakufa hakuna fundi wa kuyachomelea.

Mtasema hatuna kipimo. Tuna midomo. Washeni boda, watu wawili wasimame kando yake, mita moja kati yao, waongee. Kama lazima wapaze sauti ndipo wasikizane, mlio umefika karibu na 85 au umepita. Rudisha sailensa.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika. Mchana mnatuita kwenye semina za afya ya akili, mnatufundisha kupumua polepole. Asanteni, zinasaidia. Lakini usiku mnalala ndani ya kompaundi, sisi tunalala nyuma ya turubai na udongo. Mnapotuuliza maswali yenu, ulizeni pia tunalalaje. Na tafadhali msikimbilie kuita polisi. Boda ikikamatwa, kijana anakopa pesa ya kuitoa, na ili alipe deni anaendesha kwa kasi zaidi. Mkitaka kusaidia, mlipeni fundi wa hapa kambini siku moja kwa mwezi arudishe matumbo ya sailensa bure.

Steji zenyewe zina wenyeviti, zina foleni, zina faini. Ongezeni sheria mbili tu. Bomba wazi halipangi foleni. Mchezo wa ufunguo una faini, na faini hiyo iende kwa dereva aliyeanguka.

Beki wangu alirudisha sailensa Jumamosi. Nimemuuliza kama abiria wamepungua. Anasema wanaomba namba yake, kwa sababu sasa wanaweza kuongea na simu njiani. Wengine mnangoja nini?