WALIOPIMA DAMU YETU WATULETEE JIBU



Mwaka jana walikuja wachunguzi katika karakana moja ya betri wanamofanya kazi wanachama wetu. Walikuja na sindano, vichupa na karatasi za kuandikia. Kila mtu aliulizwa jina, umri, miaka aliyofanya kazi na idadi ya watoto wake. Kisha akakunja mkono wa shati, akatolewa damu. Tuliambiwa ya kwamba huo ni uchunguzi wa kitaalamu, na kwamba faida yake itawarudia wafanyakazi. Tulikubali kwa moyo mweupe. Mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyepewa karatasi ya kumwambia damu yake ina nini. Tulipouliza, tulijibiwa ya kwamba habari hizo bado zinaandikwa.

Hatusemi haya kwa kuwachukia wasomi. Kama si wasomi, wengi wetu tungekufa bila kujua kilichotuua. Lakini uchunguzi ni kama panga: humfaa aliyeshika mpini. Basi katika toleo hili twataka kueleza uchunguzi wa namna hii umewafaa nini wafanyakazi, umewapotosha wapi, na chama chetu chataka nini.

Madini tunayoyasema ni risasi, yale mazito yaliyomo ndani ya betri za magari. Yakiyeyushwa hutoa moshi, yakivunjwa hutoa vumbi. Mtu huyavuta puani na kuyala pamoja na chakula alichokishika kwa mikono michafu. Huleta msokoto wa tumbo, upungufu wa damu, ganzi ya viungo na ugonjwa wa presha. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo, nao hautengenezeki tena. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakidhuru. Na wazee walisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Baba hurudi nyumbani na ovaroli yake, mtoto humkimbilia na kumkumbatia, na vumbi la kiwandani limekwisha kufika kitandani.

Elimu hii tuliipata wapi? Mwaka 1910, katika jimbo la Illinois huko Marekani, daktari mmoja mwanamke, Alice Hamilton, alipewa kazi ya kuchungua sumu za viwandani. Hakukaa ofisini kungoja barua. Aliingia viwandani mwenyewe, akatafuta habari hospitalini, akaenda mpaka majumbani kuzungumza na wagonjwa na wake zao. Mwaka 1911 jimbo hilo likatunga sheria ya magonjwa ya kazini. Huo ndio uchunguzi unaomfaa mfanyakazi: uliingia kwa mlango wake, ukatoka kwa mlango wa sheria.

Lakini upo na uchunguzi wa namna nyingine. Mwaka 1921 wataalamu wa kampuni ya General Motors walivumbua ya kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli, injini haigongi. Biashara ikaanza. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo walikufa, na wenzao wengi wakapelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili hata wakafungwa wasijidhuru. Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliita mkutano. Daktari Hamilton alionya. Lakini Daktari Robert Kehoe, mshauri wa kampuni zilizouza dawa hiyo, alisema ya kwamba haujaonekana ushahidi kuwa petroli hiyo itawadhuru watu wote. Mwaka uliofuata biashara ikaendelea.

Kwa miaka 40 hivi baada ya hapo, uchunguzi mwingi wa risasi katika Marekani ulilipiwa na wenye biashara ya risasi, na Daktari Kehoe ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi hiyo katika mji wa Cincinnati. Fundisho lake lilikuwa kwamba risasi imo katika miili ya watu wote, kwa hiyo ni jambo la kawaida, na chini ya kiasi fulani mfanyakazi hana la kuogopa. Maneno hayo yakaandikwa, yakarudiwa, yakafundishwa. Mwaka 1965 alisimama mtu mwingine, Clair Patterson, yule aliyepima umri wa dunia. Alisema: kumkuta kila mtu ana risasi si dalili ya kuwa ni tabia ya mwili, bali ni dalili ya kuwa watu wote wamekwisha kutiwa sumu.

Habari ya watoto ikaja baadaye. Daktari Herbert Needleman aliwaomba watoto wa shule karibu na mji wa Boston wampe meno yao ya utotoni yaliyong'oka. Alipima risasi iliyomo katika meno, kisha akawauliza walimu tabia ya kila mtoto darasani, wala walimu hawakujua jino la nani lina nini. Mwaka 1979 alichapisha jibu lake. Watoto wenye risasi nyingi katika meno walikuwa nyuma katika majaribio ya akili, na walimu waliwaona hawatulii wala hawamalizi kazi. Tena hao hawakuwa watoto waliolazwa hospitali. Walikuwa wakicheza kama wengine. Tufikiri, ndugu zetu: ni watoto wangapi waliochapwa na kuitwa wajinga, na kumbe ujinga huo ulitoka katika nguo za baba yao au katika moshi wa barabarani?

Needleman alipata taabu kwa kazi hiyo. Wataalamu waliowahi kuwa upande wa kampuni katika kesi walimshtaki ya kwamba amepotosha hesabu. Mwaka 1992 alisikilizwa hadharani katika chuo chake cha Pittsburgh, na haikuonekana hila yoyote. Na petroli yenye risasi ikazidi kukataliwa nchi kwa nchi. Kwetu Kenya, na katika Afrika yote kusini ya Sahara, ilikwisha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Mwaka 2021 Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, na habari hiyo ilitangazwa papa hapa Nairobi na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Tangu vifo vya Bayway mpaka siku hiyo ni karibu miaka 97.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, nalo latuhusu. Wasomi wanayo hesabu yao. Msomi akiandika, huwataja wengine walioandika kabla yake. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa mji wa Philadelphia alitoa kitabu kikubwa cha kuonyesha nani amemtaja nani. Nia ilikuwa njema, kusaidia watu kutafuta habari. Lakini hesabu hiyo imekuwa mizani ya kupimia watu. Katika vyuo vingi msomi anayetajwa sana hupandishwa cheo na kupewa fedha za uchunguzi. Kwa hiyo haja yake ya kwanza ni kuchapishwa na kutajwa. Fundi aliyetoa damu hamtaji mtu yeyote katika majarida hayo, basi katika mizani hiyo hana uzito.

Tena kutajwa si ukweli. Januari 1980 barua fupi ya sentensi tano ilichapishwa katika jarida kubwa la madaktari wa Marekani. Ilisema ya kwamba katika wagonjwa 11,882 waliolazwa na kupewa dawa kali za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, ni wanne tu walioonekana kuzizoea vibaya. Mwaka 2017 wachunguzi walihesabu waliokuwa wameitaja barua hiyo, wakakuta maandishi 608. Katika hayo, 439 yaliitumia kuwa ushahidi ya kwamba mtu hawezi kwa urahisi kuwa mtumwa wa dawa hizo, na 491 hayakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa vitandani hospitalini. Wakati huo dawa hizo zilikuwa zikigawiwa nje ya hospitali kwa watu wengi, wakiwamo wachimbaji wa migodi na vibarua walioumia migongo kazini, na maelfu kwa maelfu wamekufa kwazo. Wengi waliitaja barua hiyo bila kueleza ilihusu wagonjwa gani.

Kwa hiyo mtu akituambia ya kwamba jambo fulani limethibitishwa na wataalamu wengi, tusikatae, wala tusiinamishe kichwa. Tuulize maneno matatu. Nani alilipa? Ni watu gani waliopimwa? Na jibu lilirudishwa kwao au halikurudishwa?

Hapa kwetu jambo hili si hadithi ya Ulaya. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliopima hewa na damu katika viwanda vya betri nchini Kenya, na risasi iliyokutwa ilikuwa nyingi kupita kiasi cha usalama. Pale Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na watoto wao wakapatwa na sumu ya risasi. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alipimisha damu ya mtoto wake mwenyewe, kisha akawakusanya majirani. Jibu la hospitali lilitiwa mikononi mwa wenye damu, wakaenda nalo mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilipotanguliwa katika rufani, hawakukata tamaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Tazameni tofauti: karatasi ile ile ya damu, ikikaa kabatini ni hesabu ya msomi; ikifika kwa mama ni silaha.

Wako wanachama wanaosema, "Tukipimwa na kuonekana wagonjwa, tajiri atatufukuza." Woga huo hatuucheki, maana kila mtu ana kodi ya nyumba na karo ya shule. Lakini damu isiyopimwa haiponi kwa kutopimwa. Dawa ya woga huo ni mkataba, wala si kujificha. Na sisi viongozi tuna kosa letu. Wachunguzi walipokuja tuliwafungulia mlango bila kuomba hata nakala moja ya maandishi yao. Kosa hilo halitarudiwa.

Kwa hiyo, katika mazungumzo ya mkataba mpya, chama kitadai mambo haya:

Kwanza, asitolewe damu mfanyakazi kabla ya kuelezwa kwa Kiswahili ni uchunguzi gani, ni wa nani, na nani anaulipia.

Pili, kila aliyepimwa apewe jibu lake mkononi kwa maandishi, na liwe siri yake.

Tatu, hesabu ya jumla, bila majina, isomwe mbele ya kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati hiyo iwepo kila penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mahali isipokuwapo, tuambieni.

Nne, mwenye risasi nyingi katika damu ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara mpaka apone.

Tano, pawe na mahali pa kuoga na kubadili nguo, na ovaroli zifuliwe kiwandani, zisipelekwe nyumbani.

Wachunguzi nao twawaambia kwa heshima: milango yetu haijafungwa. Njoni. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya mazingira safi na haki ya kupata habari za kulinda haki zetu. Mkichukua damu, rudini na jibu. Mkifanya hivyo tutawataja sisi, katika mikutano yetu na majumbani mwetu, na kutajwa huko kuna maana kwetu kuliko hesabu ya majarida.

Kila tawi lizungumze habari hii katika mkutano wake ujao na kuleta maoni yake kwa katibu. Na kila mtu leo jioni, kabla ya kumshika mtoto, avue ovaroli na kunawa mikono. Hilo halingojei mkataba.

Umoja ni nguvu.