UTANI AU MATUSI? SIMBA, YANGA NA VIJANA WETU



Wazazi na wanafunzi wetu wapendwa,

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1 jijini Dar es Salaam. Huku kwetu Buyenzi, Bujumbura, mabanda ya kuonyeshea mpira yalijaa hadi nje. Kesho yake madrasa, mtoto wa miaka 11 alikataa kukaa mkeka mmoja na mwenzake, kwa sababu mwenzake alimpokea mlangoni kwa kumnyooshea vidole vitano usoni na kumwita Kolo. Haukupita muda wakapigana, na juzuu ya mmoja wao ikaanguka chini. Tulipowaita wazazi, baba mmoja alicheka akasema: "Maalim, huo ni utani tu."

Sisi hatukucheka. Tunataka tumjibu baba huyo, na wote wanaosema kama yeye.

Kwanza, hatusemi kuwa mpira ni haramu. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale, akasema yuko pamoja na upande mmoja. Wa upande wa pili wakashusha mikono. Alipowauliza sababu, walisema watarushaje ilhali yeye yuko na wenzao. Basi akawaambia warushe, yeye yuko pamoja nao wote. Hayo ndiyo mashindano yenye adabu: kila mtu ana upande wake, na hakuna anayetengwa.

Sasa tazameni majina. Mnyama, Wananchi, Wekundu wa Msimbazi, Watoto wa Jangwani: hayo timu na mashabiki wake wanayapenda, hatuna neno. Lakini Vyura, Utopolo, Mikia na Makolo ni majina ya kumdhalilisha mtu. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, Allah (S.W.) amewakataza waumini kuchekana na kuitana majina mabaya, na ametukumbusha kuwa huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Aya hiyo wanafunzi wetu wanaihifadhi asubuhi, na jioni wanaivunja barabarani. Waliwasikia wapi watu wazima wakisema majina hayo? Nyumbani.

Pili, utani ni nini? Wazee wetu waliujua utani. Mtani hukutania hata kwenye msiba wako, lakini yupo pale msibani, amekuja kukusaidia. Utani una mipaka, na nyuma yake kuna undugu. Anayekutukana leo, kesho asikuitikie salamu, huyo si mtani. Amelichukua jina la utani ili afiche uadui.

Na uadui wenyewe unatoka wapi? Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda timu nyingine, ambayo baadaye iliitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Ni watoto wa nyumba moja, na mpaka leo makao yao ni mwendo wa miguu tu, Jangwani na Msimbazi.

Tena tazameni wachezaji. Amissi Tambwe wa hapa kwetu Burundi alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania akiwa Simba msimu wa 2013/14, kisha akawa mfungaji bora tena akiwa Yanga msimu wa 2015/16. Saido Ntibazonkiza, naye Mrundi, alichezea Yanga, na baadaye Simba. Haruna Niyonzima wa Rwanda alitoka Yanga akaenda Simba, kisha akarudi Yanga. Mwaka 2024 Clatous Chama wa Zambia alivua jezi nyekundu akavaa ya kijani na njano. Hao ni watu wa kazi. Wakikutana uwanjani wanapeana mikono. Wewe wa Buyenzi, ambaye hata Kariakoo hujafika, unamnunia jirani yako kwa ajili ya nani?

Wazazi, tunawaomba mambo matatu:

1. Jina la kejeli lisitamkwe nyumbani, hata kwa mzaha. Mtoto hapimi mzaha kama mtu mzima.

2. Mechi ikianza saa kumi na moja ya Dar es Salaam, kwetu ni saa kumi. Inakwisha Magharibi inakaribia. Tokeni na watoto wenu muende msikitini, aliyeshinda na aliyeshindwa, safu moja.

3. Aliyefungwa apewe salamu kwanza, kabla ya neno lolote la mpira.

Wale watoto wawili tuliwakalisha mkeka mmoja, wakasoma pamoja kwa juzuu moja mpaka muhula ulipokwisha. Mmoja bado ni Simba, mwingine bado ni Yanga. Siku hizi wanakuja madrasa wameongozana. Kama watoto wameweza, baba zao wanashindwa nini?

Allah aziunganishe nyoyo zetu na azihifadhi ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.