Kadi Isilale Dukani

Vijana wenzetu, leo tuongee juu ya ile kadi. Hapa Kakuma na Kalobeyei wengi wetu hatuna kadi ya mkopo ya benki, lakini deni tunalijua vizuri sana. Liko kwenye daftari la mwenye duka. Na mara nyingi kadi yenyewe ya msaada iko hapo hapo kwenye droo yake, pamoja na namba ya siri. Bamba Chakula ilipoanza mwaka 2015, watu walikuwa wanaacha laini ya simu. Kalobeyei pesa ilipohamia benki, ikawa kadi.

Hatusemi kukopa ni vibaya. Msaada ukichelewa, mtoto hasubiri. Mwenye duka naye mara nyingi ni mkimbizi kama sisi, na ana deni lake kwa muuzaji wa jumla. Asingekopesha, kuna nyumba zingelala njaa. Tunachokataa ni kumwachia kadi.

Tuseme kilo ya maharage ni shilingi 120 ukilipa pesa mkononi, na 150 kwa deni. Hiyo 30 ni robo ya bei, kwa mwezi mmoja tu! Kadi ikiwa kwako, pesa ikiingia unalipa deni, halafu kilichobaki unanunua penye bei nafuu. Ikiwa kwake, yeye ndiye anatoa pesa, yeye ndiye anakuambia imebaki ngapi, na hicho kilichobaki utachukua vitu kwake, kwa bei yake. Mwezi unaofuata unaanza na deni tena.

Sasa mtu atauliza, akiba itoke wapi? Anauliza haki. Anayekula mara moja kwa siku hatuwezi kumwambia aweke akiba. Lakini wengi wetu tayari tuko kwenye likelemba, au chama kama wanavyosema Wakenya. Shida ni kwamba pesa ya likelemba inakuja kwa zamu, na malaria haingoji zamu. Ndiyo maana kikundi chetu kimetenga mfuko wa dharura: watu 20, shilingi 20 kila Jumamosi, mbali na mchango wa kawaida. Kwa wiki nne ni 1,600. Si nyingi, lakini inatosha bodaboda ya usiku kwenda hospitali na dawa kidogo. Ukichukua unarudisha bila riba. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti.

Na nyinyi wenzetu wa mashirika, mafunzo ya bajeti tumeyapata, asanteni. Ila bajeti bila tarehe ni ngumu. Mtu asiyejua pesa itaingia tarehe 5 au 25 ataacha kadi dukani, kwa sababu hana ahadi nyingine ya kumpa mwenye duka. Tumeni meseji mapema, hata kama habari ni mbaya, hata kama pesa ni nusu. Na mtu akija kubadilisha namba ya siri, msimuulize kadi ilikuwa wapi mbele ya foleni nzima.