Aasif Karim, mtoto wa Mombasa

Vijana wa Ziwa la Ng'ombe wakihesabu mashujaa wa Pwani, jina la Aasif Karim sijalisikia, na hilo linaniuma. Mzaliwa huyu wa Mombasa alikuwa nahodha wa Kenya Kombe la Dunia la kriketi 1999, akastaafu, akaitwa tena 2003 akiwa na miaka 39. Machi 15, Durban, aliwarushia Australia, mabingwa watetezi, mipira 50: mikimbio 7 tu, ova 6 nzima wasipate kitu, na wiketi za Ponting, Lehmann na Hogg. Kenya ilishindwa, lakini wakubwa walitoka jasho. Na tenisi pia aliichezea Kenya, Davis Cup! Kaunti itutengee uwanja wa kriketi huku Kisauni, jina lake liandikwe langoni.