Udugu wa Kicheko na Kumbukumbu ya Mji



Tumezoea kudhani kwamba kutunza historia ni kazi ya watu wasiotabasamu: mwalimu mwenye miwani, karani wa nyaraka, mlinzi wa makumbusho anayewakataza watoto kugusa. Furaha tunaiweka mbali na hayo, pamoja na ngoma na sikukuu. Katika tafakari hii tunataka kutetea wazo jingine: katika nchi hii ya shaba, sehemu kubwa ya kumbukumbu za watu wadogo ilibebwa na vyama vya udugu, na vyama hivyo vilijua kucheka.

Tuanze na ngoma ya beni, ambayo babu zetu wa Katanga waliiita mbeni. Ilizaliwa kwenye pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana walipoanza kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikawakutanisha askari na wapagazi wa nchi nyingi. Waliporudi makwao au kwenda kutafuta kazi waliichukua ngoma hiyo, hata ikafika kwenye kambi za migodi. Wanachama walivaa sare, wakaandamana kwa hatua za kijeshi, wakapeana vyeo vikubwa: huyu mfalme, yule gavana, mwingine daktari. Aliyekuwa boi wa jikoni siku sita za juma, siku ya saba alisalimiwa kama jenerali.

Aliyewatazama kwa mbali aliona mchezo tu. Aliyekaribia aliona kwamba mgonjwa alitembelewa, mgeni alipata wenzake, na aliyekufa mbali na kijiji chake alizikwa na watu waliomwita ndugu. Wamisionari wengi waliitilia shaka ngoma hii, na watawala wa kikoloni waliiogopa. Pengine walikuwa na sababu zao, maana hakuna chama cha wanadamu kisicho na ulevi wala majivuno. Lakini jambo moja liliwapita. Kijana aliyeigiza jenerali alikuwa akisimulia, kwa mwili wake mwenyewe, jinsi alivyotawaliwa. Ilikuwa historia iliyochezwa na watu ambao hakuna aliyewapa kalamu.

Baadaye walio kama wao waliishika kalamu. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kinachojulikana kwa jina la Kifaransa la «Vocabulaire» ya mji huo. Aliyekiandika anaitwa André Yav. Hawakuwa maprofesa, bali watu waliopika, waliofua, waliolea watoto wa mabwana na kusikia mengi wakiwa wamesimama nyuma ya viti. Waliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, bila kungoja mtu awafundishe tahajia. Mtaalamu Johannes Fabian alipokichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ilikuwa lazima kwanza kisomwe kwa sauti ndipo maneno yake yaeleweke vizuri. Hilo latufurahisha: ni kitabu ambacho bado kinataka kusemwa baina ya watu walioketi pamoja.

Wachimbaji wa nchi nyingine nao wana mfano wao. Huko California, Marekani, wachimbaji wa dhahabu wa karne ya 19 walikuwa na udugu uitwao E Clampus Vitus, uliojaa vyeo vya mzaha kwa ajili ya kuwacheka wakubwa na vyama vyao vya fahari. Ulipokaribia kufa, wapenzi wa historia waliufufua mwanzoni mwa miaka ya 1930. Leo wanachama wake huvaa mashati mekundu, hufanya karamu zenye kelele nyingi, na huweka vibao vya kumbukumbu mahali palipokuwa na migodi, vilabu na vijiji vilivyotoweka. Hatuwasifu kwa vileo vyao. Tunawasifu kwa kuelewa kwamba mgodi ukifungwa mji huondoka pamoja nao, na kwamba kibao kimoja kando ya njia huweza kumzuia mpita njia asidhani hapakuwahi kuwa na watu.

Sasa tuutazame mji wetu. Kolwezi ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937, ukakua kwa kambi zake za wafanyakazi, kisha migodi ikawa mali ya taifa mwaka 1967. Tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Ni mji uliojengwa juu ya kile kinachoubomoa. Katika mtaa wa Kasulo madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014. Sebule na nyua zikawa mashimo, na baadaye familia nyingi zikahamishwa. Nyumba ikibomolewa, fidia ikilipwa au isilipwe, kuna kitu ambacho hakuna karatasi inayokitaja: mwembe wa mama fulani uliokuwa kituo cha kila mtu, uwanja mlimochezwa fainali za mtaa, jina la utani la kona fulani ambalo asili yake inajulikana na wazee watatu tu.

Tunawauliza, na kwanza tunajiuliza wenyewe: ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba pale Ruwe, jirani kabisa, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliianza Jamaa mwaka 1953 pamoja na wafanyakazi wa mgodi na wake zao? Watu wa vyuo vikuu vya mbali wameandika vitabu juu ya jambo lililotokea kwenye viti vya bibi zetu, nasi hatujawauliza bibi hao swali hata moja.

Wapo watakaotujibu kwamba historia haishibishi. Ni kweli. Kijana anayeamka alfajiri kwenda kuosha mawe hahitaji hotuba juu ya mwaka 1937. Lakini asiyejua mahali palikuwa na nani hawezi hata kudai haki yake siku anapoambiwa kwamba hapo hapakuwa na mtu. Kumbukumbu haimpi mtu mkate, ila humsaidia kusema mkate ulikuwa wa nani.

Wengine watasema neno zito zaidi: historia yetu si ya kuchekwa. Nao tunawasikiliza kwa heshima. Mji huu umeona vita vya Mei 1978. Umeona sehemu ya mgodi wa Kamoto ikiporomoka mwaka 1990. Na katika miaka ya 1992 na 1993 majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa, watu waliokuwa wamezaliwa nasi, waliosoma nasi, walioimba nasi katika kwaya moja. Nani atathubutu kulifanyia mzaha jambo hilo?

Hapo ndipo tunapoona hekima ya utani. Huko Luanshya, ng'ambo ya mpaka, mtafiti Clyde Mitchell aliitazama mwaka 1951 ngoma ya kalela ya vijana wa Kibisa. Walivaa nguo safi za mjini, wakajisifu, wakayachezea makabila mengine kwa nyimbo, na watu wa makabila hayo walikuja kutazama na kucheka. Mtani anajua udhaifu wako na anautaja mbele yako, wala hasubiri usiku aje kuchoma nyumba yako. Yaliyotokea hapa hayakuletwa na utani uliozidi. Kwa maoni yetu, yalikuja pale maneno juu ya jirani yalipoacha kusemwa mbele yake na kuanza kusemwa nyuma yake. Hivyo kicheko tunachokitetea kina sheria mbili: aliyetajwa awepo, naye awe na zamu yake ya kujibu. Na juu ya kaburi tunanyamaza kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kikundi cha vijana cha parokia kiunde udugu mdogo wa kumbukumbu. Usiwe wa kabila moja, maana historia ya kambi ni ya makabila yote yaliyoletwa kambini. Jipeni vyeo vya kuchekesha mpendavyo. Mwepesi wa kusahau awe mtunza kumbukumbu mkuu, ili ajifunze. Mara moja kwa mwezi mwalikeni mzee mmoja, baba au mama, mkae naye, mle naye, mmwache asimulie. Andikeni kwa Kiswahili anachokisema, bila kumsahihisha. Muulizeni majina ya mitaa, mishahara na posho, nyimbo za kazini, aliyekuwa mchekeshaji wa kambi, na waliokufa ambao hakuna anayewataja. Mwaka ukiisha, igizeni mliyoyasikia uwanjani, wazee wakiwa wameketi mbele, wawasahihishe kwa kelele.

Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari, sufuria ya bukari, na vijana wasioona haya kuwa na furaha.

Watumishi wale wa mwaka 1965 hawakungoja ruhusa. Walijua kwamba wenzao wanakufa mmoja mmoja, wakaketi, wakaandika. Wazee wetu nao wanaondoka, na mashine hazisimami hata Jumapili. Jumapili ijayo, baada ya misa, kabla hamjatawanyika, mtafuteni mmoja wao mlangoni mwa kanisa, mmsalimu kwa heshima, mmuulize tu: «Baba, hapa zamani paliitwaje?»