Konjelateri inayopiga "kidogo tu"

Katika nyumba nyingi za zamani hapa Kolwezi, garaje haina tena gari. Tumeweka humo konjelateri, na ndiyo inayolipa minervali ya watoto: maji ya baridi, jui, samaki thomson.

Tunasikia sana mama akimwambia mtoto: "Vaa kwanza kambambili, konjelateri inapiga kidogo." Tunasema hivyo kana kwamba ni tabia yake, kama mbwa mkali. Hapana. Chuma chake kikipiga, umeme umevuja kutoka ndani na unatafuta njia ya kushuka chini. Njia hiyo ni mwili wa anayeshika. Ni volti 220. Kambambili kavu zinapunguza. Lakini mvua ikiingia chini ya mlango, simenti ikalowa, mtoto akaja miguu mitupu, hiyo "kidogo" inaweza kuua.

Kinachokosekana ni tere, waya wa kijani na manjano unaoshusha umeme uliovuja mpaka ardhini. Tazama prizi: kile kijiti cha chuma kati ya matundu mawili ndicho tere. Prizi isiyo na kijiti, au ralonji ya matundu mawili tu, imekwisha kuikata. Tena kijiti kinaweza kuwapo na nyuma yake hakuna kitu. Katika mji wetu wa shaba, waya wa shaba una wanunuzi. Ukikatwa ukauzwa, konjelateri inaendelea kugandisha kama kawaida na hakuna anayejua.

Kwa hiyo fundi asiangalie prizi tu. Apime tere mpaka kwenye chuma kilichopigwa ardhini, ainue prizi mbali na sakafu, na aweke dijonkteri diferansieli ya miliamperi 30, inayokata yenyewe umeme ukivuja. Ina kibonyezo chenye herufi T: tubonyeze kila mwezi, lazima ianguke. Pesa zikikosa, likelemba ipo; fundi mmoja apite parseli zote za kikundi, bei itashuka.

Kama yako inapiga leo, usingoje fundi. Zima dijonkteri kubwa kwanza, kisha toa prizi kwa mikono mikavu. Samaki wapelekwe kwa jirani.

Na mtoto akinaswa, tusimshike, hata kama moyo unatuma. Tuzime umeme, tukishindwa, tumsukume kwa mti mkavu wa ufagio, sisi tukisimama pakavu.