MGOMBA HAUFI, LAKINI SHAMBA LINAWEZA KUFA



Kisha somo la biolojia la juma lililopita, mabishano yaliendelea mpaka kengele. Wamoja walisema: "Mugomba haukufake, juu uko na kromozomi mingi." Sisi wengine hatukukubali. Tunaandika hapa sababu zetu, maana jambo hili si la daftari tu: linagusa sahani yetu na minervali yetu. Wengi kati yetu tunasoma kwa nguvu ya mkungu wa ndizi.

Tuanze na hesabu. Ndizi ya pori iko na kromozomi 22, ni kusema mafungu mawili ya 11, moja la baba na moja la mama. Ndani yake mna mbegu nyingi, ngumu kama vijiwe. Lakini ndizi na makemba tunazokula, karibu zote ziko na 33, mafungu matatu. Zamani, chembe moja ya uzazi ilikosa kugawanya kromozomi zake, na fungu likazidi. Sasa, mafungu matatu hayagawanyiki sawasawa kwa wawili. Kwa hiyo mbegu hazitengenezwi vizuri, na sisi tunakula bila kutema kitu.

Mmea usio na mbegu utazaa namna gani? Kwa machipukizi. Mgomba unatoa mkungu mara moja tu, kisha unakufa. Lakini pembeni mtoto amekwisha kusimama. Na mtoto huyu si mgeni: ni mama yuleyule. Ndiyo sababu wazee wetu wanakata ndizi mahali palepale walipokata baba zao.

Kuna mfano wa kushangaza zaidi. Kule Tasmania, kisiwa cha Australia, kuna kijiti kinachoitwa Lomatia tasmanica. Nacho kiko na mafungu matatu, hakizai mbegu, kinaenea kwa mizizi yake. Mabaki ya majani yanayofanana nacho kabisa yalipimwa, yakaonekana kuwa na miaka 43,600 hivi. Kwa hiyo wataalamu wanafikiri kwamba ni mmea uleule mmoja unaoendelea mpaka leo.

Basi, wenzetu wako na haki? Nusu tu. Ngano ya mkate iko na mafungu sita, kromozomi 42, na inakufa kisha mavuno mamoja. Kama wingi wa kromozomi ungeleta maisha marefu peke yake, ngano ingekuwa mzee wa mimea yote. Hapana. Katika mgomba, kromozomi zilifunga mlango wa mbegu. Machipukizi ndiyo yaliyoongeza siku, pamoja na mkono wa mtu anayeyang'oa na kuyapanda kwingine.

Lakini maisha ya namna hii yana deni. Watoto wote wakiwa mama yuleyule, ugonjwa unaomwangusha mmoja unaweza kuwaangusha wote. Ndizi Gros Michel ilijaza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu wa udongoni ulikuwa umeiharibu biashara yake. Kwetu, mwaka 2001, mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukaenea. Majani yananyauka, tunda linaiva kabla ya wakati na ndani limeoza, shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Ugonjwa huu hauchagui aina ya ndizi, na panga chafu ndilo gari lake.

Na sisi tunafanya nini siku ya salongo? Panga moja linazunguka mgomba kwa mgomba, bila kuoshwa. Halafu tunasema mgomba haufi!

Tunaomba mambo matatu. Kila panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua la dume liondolewe kwa kijiti cha panda, si kwa panga, mara ndizi za mwisho zikionekana. Na asilete mtu machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa, hata akipewa bure.

Mgomba hauna mbegu ya kujaribu bahati nyingine. Bahati yake iko mikononi mwetu.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa sita, Biokimia